Marekebisho ya gitaa la umeme baada ya kuweka nyuzi nene

Ni kazi ya kuweka sawa upya shingo, kimo cha nyuzi na usahihi wa sauti pale mpigaji anapoacha nyuzi nyembamba. Seti ya inchi 0.009 hadi 0.042 huivuta shingo kwa takriban kilo 38, ya 0.010 hadi 0.046 hufika takriban kilo 46. Nyongeza hiyo huweza kuipinda shingo kuelekea mbele, nyuzi zikainuka juu ya freti. Wapiga solo wa dansi na wa kwaya, ambao vidole vyao hukaa sana karibu na mwili wa gitaa kwa mtindo wa Kikongo, ndio wa kwanza kuumia.

Kazi huanza kwa kutyuni nyuzi mpya kwa sauti ile ile itakayopigwa. Bendi inayoshuka nusu toni ili kuwafaa waimbaji itengeneze gitaa likiwa limeshushwa hivyo hivyo, kwani nusu toni hupunguza mkazo kwa karibu asilimia 11, na seti ya 0.010 hurudi kwenye takriban kilo 41.

Kisha huja shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, halafu tazama nafasi juu ya freti ya saba: milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Ikizidi, legeza nyuzi kidogo na ukaze ufito wa chuma ulio ndani ya shingo kwa kufuata mwendo wa saa, robo mzunguko tu, utyuni upya na kupima tena. Ukigoma, usiulazimishe, ufito ukikatika shingo nzima huwa mashakani. Anayekimbilia kushusha daraja kabla ya hapo anaficha tatizo, na nyuzi zitaanza kugonga freti.

Mifuo ya kipande cha mfupa au plastiki kilicho karibu na kichwa nayo hupanuliwa kwa tupa nyembamba, la sivyo uzi hunasa na tuni haikai. Gitaa lenye mkono wa kutikisa sauti huhitaji springi za nyuma zikazwe au iongezwe moja. Kwenye freti ya 12 nyuzi zikae milimita 1.5 hadi 2 juu. Mwisho, linganisha sauti nyororo ya uzi ulioguswa tu juu ya freti hiyo na sauti ya uzi uliobonyezwa hapo: iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, sogeza tandiko la uzi huo nyuma.

Hali ya hewa ya nyanda za juu za Ufipa nayo ina masharti yake. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Mei na Oktoba mvua hukatika. Ubao hunywea hadi ncha za freti hukwaruza kiganja. Shingo ipimwe tena majira yanapobadilika. Bendi inayoteremka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze au Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa, hushuka karibu mita 1,000 na kuingia kwenye joto. Chuma hutanuka, sauti hushuka. Hapo dawa ni kutyuni peke yake. Ufito usiguswe hadi gitaa limezoea hewa ya bondeni.