Mzamivu na Mshika Kamba

Shahada ya juu kabisa tunaiita uzamivu, na neno hilo lina picha kubwa kuliko tunavyoitumia. Mzamivu wa lulu katika Ghuba alishuka na jiwe mguuni, kibanio puani na kikapu shingoni, akakaa chini dakika moja na ushei. Juu chomboni palikuwa na mtu aliyepewa kazi moja tu, kushika kamba ya mzamivu yule. Kamba ikitikiswa, anavuta. Miaka sita niliyoandika tasnifu yangu ya fasihi, kilichonitesa hakikuwa kina cha maji. Ilikuwa kamba iliyolegea.

Darsa za misikitini, Lamu au Unguja, zina mpango mwingine. Mwanafunzi hukaa mbele ya shehe na kitabu chake, tuseme Safina kwa anayeanza, Minhaji ya Nawawi kwa aliyekwisha kupiga hatua, akasoma kwa sauti. Akikosea irabu hukatizwa papo hapo, na wenzake waliokaa duara husikia kosa na sahihisho lake. Baada ya miaka hupewa ijaza, ruhusa ya kukifundisha kitabu kile, pamoja na silsila ya majina: shehe wake alisoma kwa nani, na huyo naye kwa nani. Anayeitoa ni mtu, na mtu huyo amekusikia ukisoma ukurasa baada ya ukurasa.

Uzamivu wetu una ukoo mwingine. Ulikomaa Ujerumani katika karne ya 19, ukatolewa Yale mwaka 1861, na Oxford ikaupokea 1917. Wajerumani humwita msimamizi Doktorvater, baba wa udaktari; sisi tulioupata kupitia Uingereza hatukurithi hata jina hilo. Tulichorithi ni sharti ambalo ijaza haina: sema jambo ambalo hakuna aliyelisema kabla yako.

Sharti hilo nalipenda kwa dhati. Asubuhi moja, katika Nyaraka za Taifa pale Zanzibar, nilikuwa na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Neno moja lilikuwa limenigomea wiki tatu. Katika barua ile herufi moja ilibeba sauti za b, p na mb, kwa hiyo maandishi yaleyale yangeweza kuwa kupa, kumba au kuba. Nikarudi kusoma mstari wa chini, nikaona chokaa na mafundi. Kuba! Mwandishi alikuwa anazungumzia paa la msikiti, na sura yangu nzima ya tatu ikageuka. Nilinyanyua kichwa nimwambie mtu. Meza zote zilikuwa tupu. Kwenye darsa, duara zima lingesikia.

Na unaweza kurudi na lulu ikakataliwa. Mshairi Okot p'Bitek aliandika huko Oxford tasnifu ya udaktari kuhusu dini ya Waluo wa Kati, akipinga wataalamu na wamisionari waliowavika Waafrika Mungu wa Kikristo. Mwaka 1970 watahini walimfelisha, mtu aliyekwisha kuchapisha Song of Lawino miaka minne nyuma. Kitabu cha tasnifu hiyo kilitoka Afrika Mashariki mwaka uliofuata, na bado tunakisoma. Mwanafalsafa Walter Benjamin naye aliiondoa tasnifu yake ya pili pale Frankfurt mwaka 1925, baada ya kuonywa kwamba haitapita. Majina kama haya hutajwa ili kuwafariji wanafunzi. Mimi hayanifariji. Nawafikiria wale waliokwama kama wao bila kuwa na Lawino mkononi, tasnifu zao zikabaki kwenye flashi.

Msimamizi wangu wa kwanza, katika chuo nisichokitaja, alikaa na sura yangu miezi saba. Iliporudi ilikuwa na alama moja ya kalamu nyekundu, ukurasa wa 4.

Sasa nami ni msimamizi. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanafunzi wangu watatu huketi kwenye baraza la idara, na mmoja hutusomea kurasa zake kwa sauti. Wiki iliyopita yule mdogo wao alifika katikati ya aya, akanyamaza. "Mwalimu, hapa sikubaliani na wewe," akasema, na wenzake wakasogeza viti.