Sanda Haipindwi: Somo Ambalo Bibi Harusi Hapewi



Shaaban kwetu ni mwezi wa harusi. Kila mtu anataka kuozesha kabla ya Ramadhani, na sisi mafundi tunakesha. Mwaka juzi, katikati ya mikesha hiyo, mteja aliyeniletea satini ya binti yake alirudi kutaka nguo nyeupe. Mama yake amefariki alfajiri na waoshaji wanasubiri sanda. Nikaliacha gauni kwenye cherehani, nikakata vipande 5 kama nilivyoelekezwa kwa simu. Na kwa kuwa chuoni tulifunzwa kwamba ncha isiyopindwa ni kazi ya aibu, nikazipinda ncha zote. Pindo jembamba, safi, hata mimi mwenyewe nililipenda.

Nilipofika, bi mkubwa aliyeongoza uoshaji akakunjua kipande kimoja, akakitazama, akacheka na machozi yamemjaa. "Mwanangu, umeipinda ili isichanike akiifua?"

Nikakaa chini kufumua kwa wembe. Tulikuwa wanawake zaidi ya 20 katika nyumba ile. Waliojua kuosha walikuwa 2, na wote wamepita miaka 70. Sisi wengine tulijua kulia na kupika. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma: elimu hii ya kumtengeneza mwanamke aliyekufa ilianzia kwa nani? Nimekuta imeanzia kwa wanawake wenzetu.

Wa kwanza ni Ummu Atiya (R.A.), Ansari wa Madina, mwanamke aliyetoka na Mtume (S.A.W.) katika vita 7 akipika na kuwauguza majeruhi. Alipofariki Bibi Zaynab, binti mkubwa wa Mtume, mwaka wa 8 Hijria, yeye alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, na ukiisoma utaona ni maelekezo ya kazi kabisa. Waanze na upande wa kulia na viungo vya udhu. Waoshe kwa maji na majani ya mkunazi mara 3, au 5, au zaidi wakiona haja, lakini iwe witri. Josho la mwisho watie kafuri. Nywele wakazichana na kuzisuka misuko 3, wakaiweka nyuma yake. Walipomaliza walimwita Mtume, naye akawapa shuka yake mwenyewe waifanye nguo inayogusa mwili wa binti yake.

Baadaye Ummu Atiya alihamia Basra, na huko mwanachuoni mkubwa Muhammad bin Sirin alijifunza kwake namna ya kuosha maiti. Mwanamume wa elimu akaenda kwa mwanamke kufundishwa. Hilo huwa silisikii likitajwa.

Nilimuuliza bi mkubwa kwa nini wanaharakisha hivi. Akaniambia, "Mwili hausubiri." Ni kweli. Roho ikishatoka, damu haiendi tena. Hushuka upande ulio chini, na ngozi ya upande huo hupiga wekundu wa zambarau. Mwili hupoa. Baada ya saa 2 hadi 4 misuli inaanza kukaza, kwanza kope na taya na shingo, kisha mikono na miguu, na ikifika kama saa 12 mwili wote umekuwa mgumu. Baada ya siku moja au mbili hulegea tena, na hapo kuoza kumeshaanza. Kwenye joto letu mambo haya huenda mbio zaidi. Ndiyo maana mwenye ujuzi akiwepo pale mtu anapokata roho, hufumba macho, hufunga kidevu kwa kitambaa mpaka juu ya kichwa, na hukunjakunja viungo taratibu ili visikaze vibaya. Mtume mwenyewe aliyafumba macho ya Abu Salama, aliyekuwa mume wa Bibi Ummu Salama wakati huo. Asiyejua hukaa analia, na waoshaji wakija wanakuta mdomo uko wazi na haufungiki.

Sasa nguo, maana hapo ndipo kazi yangu. Mtume alikafiniwa kwa nguo 3 nyeupe za pamba kutoka Suhul, Yemen, bila kanzu na bila kilemba. Wanaume wetu wanafuata hizo 3. Mwanamke huwekewa 5: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio wa kichwa, na nguo 2 kubwa za kumzungushia mwili mzima. Ukizitazama ni vazi la stara lilelile alilovaa akiwa hai, ila halina mapambo. Hapa visiwani wazee walitumia bafta, neno la Kiajemi lenye maana ya kitu kilichofumwa, na bafta ilikuja na majahazi kutoka Gujarat. Leo tunakata pamba yoyote nyeupe, na mimi naona nailoni haifai, hata kama ni bei rahisi.

Kisa kilichonikaa moyoni zaidi ni cha Bibi Asma bint Umays (R.A.). Yeye na mumewe Jaafar bin Abi Talib walihamia Habasha kukimbia mateso ya Makka, wakakaa huko miaka mingi mpaka mwaka wa 7 Hijria. Jaafar akafa shahidi vitani Mu'ta mwaka uliofuata. Asma akaolewa na Abu Bakr.

Mwaka wa 11 Hijria, yaani 632, Bibi Fatma binti wa Mtume aliugua, miezi michache tu baada ya kufiwa na baba yake. Imepokewa kwamba alimwambia Asma jambo lililokuwa likimkera. Wakati ule maiti wa kike alilazwa juu ya kitanda, akatupiwa nguo, akabebwa mbele ya wanaume, na ile nguo ikamchora umbo lake. Mimi fundi namwelewa. Kitambaa hakifichi mwili, kinaulalia. Kila penye mwinuko kitakuonyesha, na kikiwa chepesi ndiyo zaidi.

Asma akamjibu kwamba kuna kitu amekiona Habasha. Akaagiza matawi mabichi ya mtende, akayakunja kama upinde juu ya kitanda, kisha akatupa nguo juu yake. Nguo ikasimama kama hema na chini yake hapaonekani kitu. Bibi Fatma akafurahi, akataka naye abebwe hivyo, na akausia kwamba Asma na mumewe Ali ndio wamwoshe. Ikawa hivyo. Wanachuoni wametaja kwamba yeye ndiye wa kwanza katika Uislamu kufunikwa namna ile, kisha Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume.

Kwa hiyo stara ile ilitoka upande wetu huu wa bahari, Afrika, ikavushwa na mwanamke mkimbizi aliyekuwa na macho ya kuangalia. Na ikaturudia. Wazee wetu waliita tusi: kitanda cha maiti kilichochomekwa fito za kuinama na kufunikwa nguo. Jeneza la mwanamke likipita leo na lile paa lake la mviringo, hayo ni matawi ya Bibi Asma, hata kama sasa ni chuma.

Miaka 2 baadaye akafa Abu Bakr. Yeye naye alikuwa na neno juu ya sanda. Alimuuliza binti yake Bibi Aisha Mtume alikafiniwa kwa nguo ngapi, kisha akaitazama nguo aliyokuwa akiuguzwa nayo, yenye doa la zafarani, akaagiza ifuliwe na ziongezwe 2. Aisha akasema hiyo ni kuukuu. Akamjibu kwamba aliye hai anahitaji nguo mpya zaidi ya maiti.

Aliyemwosha ni mkewe, huyohuyo Asma. Somo zetu hutufundisha singo, udi na namna ya kumpokea mume, Allah awalipe. Lakini hakuna bibi harusi niliyempima gauni akaniambia ameelezwa kwamba mke anaweza kumwosha mumewe na mume akamwosha mkewe. Wengi nikiwaambia hunikatalia.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Asma alipomaliza kumwosha mumewe alitoka nje kwa Muhajirina waliokuwepo. Akawaambia kwamba amefunga na siku ile ni ya baridi kali, je, inamlazimu naye akoge? Wakamwambia hapana.