Virusi, saratani na mnyororo wa sukari uliokatwa



Tukizungumza historia ya saratani wengi tunakimbilia jeni. Mimi leo nataka turudi kwenye mafuta. Utando wa seli zetu una mafuta yenye minyororo mifupi ya sukari inayochungulia nje, yaani glikolipidi.

Mwaka 1968 Sen-itiroh Hakomori, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, na mwenzake Murakami walilinganisha seli za hamsta za kawaida na zile zilizogeuzwa na virusi vya polioma. Kwenye zilizogeuzwa, hematosidi, yenye sukari tatu, ilikuwa imepungua. Laktosilseramidi, ambayo ni hiyohiyo bila sukari ya mwisho, ilikuwa imeongezeka. Kazi iliachwa njiani, basi. Mwaka 1969 Peter Mora, Roscoe Brady na wenzao wakaona mambo ya aina hiyo katika seli za panya zilizogeuzwa na polioma na SV40. Mwaka 1970 wakaonyesha penye mkwamo: kimeng'enya kinachobandika sukari inayofuata juu ya hematosidi kilikuwa kimezorota.

Hapo watu wakapata hamu kweli. Seli za kawaida zikibanana huacha kugawanyika. Za saratani hazijali, zinapandiana tu. Je, zimepoteza sukari za kutambuana? Hoja tamu hiyo! Lakini maabara nyingine zilipima seli za panya zilizogeuzwa na virusi vya aina hiyohiyo zisione badiliko la kueleweka. Kwa maoni yangu, wengi walishika dalili wakaiita chanzo.

Kwetu nako kuna kisa chake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani ya seli zake. Mwaka 1981 watafiti wa Ufaransa wakapata kingamwili inayozishika seli hizo, na 1983, Hakomori akiwemo tena, ikajulikana kinachoshikwa ni glikolipidi. Nayo huanzia kwenye laktosilseramidi ileile, ila huongezwa sukari nyingine. Safari hii imezidi, haikupungua.

Ila tusivisingizie virusi haraka. Glikolipidi hiyo ipo hata kwenye uvimbe wa Burkitt usio na virusi vya Epstein-Barr, na hata kwenye baadhi ya seli B za kawaida zinazokomaa ndani ya tezi za limfu.