“Sistimu imekwama”: ni nani hasa aliyekwama?
Hapa Changamwe, kibali cha mzigo kikichelewa, mteja huambiwa, “Sistimu imekwama.” Mimi ni karani katika ofisi ya ajenti wa kutoa mizigo bandarini, na mara nyingi naona sivyo. Mfumo unaosimamiwa na KenTrade hulipeleka ombi wenyewe hadi kwa taasisi inayohusika: mbegu KEPHIS, dawa Bodi ya Dawa na Sumu. Hapo ndipo humsubiri mtu. Afisa husoma, kisha huidhinisha, hukataa au hurudisha lirekebishwe. Kompyuta haimruki, na ni kheri: mbegu yenye ugonjwa yaweza kuangamiza mashamba. Basi ndugu msomaji, muulize ajenti wako: ombi liko kwa nani, na tangu lini? “Sistimu” si jibu.