Mbega Alivuka Mpaka

Ndugu zetu wa Bungu, historia yetu inaanza na mgeni. Wazee husimulia kuwa Mbega, mwindaji kutoka Nguu, alipanda Usambara, akagawa nyama ya nguruwe pori, akapewa utawala Vuga.

Aliyeiandika habari hiyo naye hakuwa Msambaa: Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mswahili aliyemtumikia Semboja kule Mazinde. Misheni ya Magila ilianza kuchapa kitabu chake, Habari za Wakilindi, mwaka 1895. Bila aliyegharamia uchapaji, mengi yangepotea.

Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walichora mpaka kuanzia mdomo wa Mto Umba, unaotoka milima yetu, Wadigo wakagawanywa. Leo Bungu iko Korogwe, Vuga iko Lushoto, Kisambaa ni kimoja.

Serikali ilishaona umuhimu huu: Mfuko wa Utamaduni Tanzania, ulioanzishwa 1998, ulitoa ruzuku kwa wasanii. Nasi tunachangia madarasa na maji, vizuri sana. Lakini mhasibu anajua, kisicho na kifungu kwenye bajeti hakifanyiki. Naomba tutenge kifungu cha vijana wetu kurekodi ngoma na simulizi, pande zote za mpaka wa wilaya. Wazee hawatusubiri.