Saratani ya Damu na Barabara ya Tunduma

Juma hili nazungumzia saratani ya damu, yaani lukemia, pamoja na barabara ya kwenda Tunduma. Msiharakishe kuuliza vinahusianaje.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la nne Tunduma, mpakani na Zambia. Mwenzetu mmoja alianza kuchoka ovyo. Akapata homa, fizi zikawa zinatoka damu. Akapewa klorokwini. Homa ikarudi, akapewa tena. Akaongezewa damu, akarudi shuleni siku chache, tukafurahi. Alifariki kabla ya likizo ya Desemba. Nyumbani walisema karogwa. Hospitali iliandika malaria na upungufu wa damu. Mimi si daktari na siwezi kuapa kwamba ilikuwa lukemia. Nasema tu kwamba hakuna aliyekuwa na njia ya kujua.

Wakati huo vitabu vya tiba vilikuwa vimeshasema kwa miaka mingi kwamba lukemia ni nadra kwa watoto wa Kiafrika. Nadra kwa hesabu ya nani? Maradhi hayo huanzia ndani ya mifupa, kwenye uboho. Mtu huonekana kama ana malaria tu. Pasipo darubini na mtaalamu wa kuisoma damu, mgonjwa huzikwa na jina la ugonjwa mwingine.

Linganisheni na saratani ya taya. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akatuma picha kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza nani kaona kitu kama hicho. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari na kuzunguka kama kilomita 16,000, wakapita Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walipata ramani: ugonjwa ulikuwa kwenye nchi za joto na mvua, ukapungua milimani. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na watoto wakaanza kupona kwa dawa. Uvimbe wa usoni hata mganga wa zahanati ya porini angeutambua kwa picha. Lukemia haipigwi picha ya namna hiyo, kwa hiyo haikupata ramani wala safari.

Wenzetu walikuwa wametangulia. Mwaka 1947 huko Boston, Sidney Farber alianza kuwapa watoto wenye lukemia dawa ya kuzuia seli zisizaliane. Walipata nafuu ya muda. Leo katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi wenye aina ya lukemia inayowapata zaidi watoto wanaishi. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, watoto wanaopona saratani za kila aina hawafiki asilimia 30.

Tusidhani tofauti hiyo ni dawa peke yake. Matibabu ya lukemia ya watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani mwaka 1897, ikawa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Mwaka 2011 huduma ya watoto ikahamia Muhimbili, ambako hutibiwa bure. Sisi wa Dar es Salaam hupita Ocean Road tukienda kupunga upepo (barabara yenyewe siku hizi inaitwa Barack Obama). Mzazi wa Tunduma yuko zaidi ya kilomita 900. Akikata tamaa na kugeukia Zambia, Lusaka nayo iko zaidi ya kilomita 1,000. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, makao makuu yakawa Vwawa, lakini mkoa mpya haufupishi barabara.

Kwa watu wazima, mwaka 2001 Marekani iliidhinisha kidonge cha imatinibu kwa lukemia ile inayokwenda polepole. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukawa wa kuishi nao, mradi mtu ameze dawa kila siku. Kwa mpango wa msaada, kikaanza kutolewa bure Ocean Road.

Nilifahamiana na wagonjwa wawili wa kidonge hicho. Mmoja ni dereva wa malori ya mizigo ya Zambia. Barabara ndiyo kazi yake. Akishusha mzigo Dar es Salaam, hupita kupimwa na kuchukua dawa. Wa pili alikuwa mkulima wa ufuta wilayani Momba, chini huko bonde la Ziwa Rukwa. Dawa yake ilikuwa bure kama ya mwenzake. Nauli haikuwa bure. Msimu ufuta ulipokosa bei hakusafiri, na alipokuja safari iliyofuata bandama lilikuwa limevimba tena, tumbo likisukuma shati.

Dereva alipopata habari alikwenda kumtafuta. Aliniambia lori lina kiti cha pili, na kwamba angelimjua mapema angelimchukua kila safari. Walisafiri pamoja mara mbili.