Kamera Ijilengayo na Mpiga Picha wa Bariadi

Zamani jicho la mpiga picha ndilo lililotafuta ukali wa sura, mkono ukizungusha lenzi mpaka sura ikatulia. Kazi hiyo ilianza kumtoka mwaka 1977, Konica ya Ujapani ilipotoa C35 AF, kamera ya kwanza yenye kujilenga iliyouzwa kwa watu wengi. Minolta 7000 ilifuata mwaka 1985. Na mwaka 1990 ikatoka Canon EOS 1000, nyepesi, ya plastiki, iliyokusudiwa mwanafunzi wa kazi asiye na fedha nyingi.

Zama hizo Tanzania nayo ilikuwa ikilegeza biashara. Tangu mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizo nazo wenyewe. Bariadi, iliyokuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, ni nchi ya pamba, ambamo fedha huja kwa msimu. Mpiga picha wa mahali kama hapo hakuweza kucheza na filamu yenye picha 36 tu. Tena filamu ya rangi husafishwa kwa dawa yenye joto la nyuzi 38, lisilopanda wala kushuka. Si kazi ya chumba cha giza cha nyuma ya duka, kama ilivyokuwa kwa picha nyeusi na nyeupe. Kamera ilichukua kazi ya jicho, na rangi ikachukua kazi ya mikono.

Hata hivyo, EOS 1000 ililenga kwa nukta moja tu, katikati. Maharusi wakisimama bega kwa bega na kuacha upenyo, kamera huona ukuta wa nyuma na kuulenga huo. Maharusi hubaki ukungu. Wala kosa halijulikani mpaka filamu isafishwe, na harusi hairudiwi! Dawa yake ni kulenga uso mmoja, kubonyeza nusu, kurudisha kamera katikati, ndipo kupiga. Yaani jicho lilikuwa bado lina kazi. Tena bila betri yake ya volti 6, isiyo ya tochi, kamera hiyo haifyatui kabisa, ilhali Zenit-E ya Urusi haikuhitaji betri yoyote.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Januari ya mwaka huohuo kampuni ya Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Kwa hiyo picha nyingi za filamu za harusi za Bariadi ni za mkoa wa Shinyanga, pamoja na zile ambazo ukuta umetoka vizuri kuliko maharusi.